Kiungo Kisichovutwa

Ukimpelekea Fundi redio ambayo mtu mwingine ameshaifungua, akazisokota nyaya kwa vidole na kuzifunika kwa solotepu, alikurudishia bila kugomba. Aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika mkia wa panya, akaiweka upande wako wa meza na kuendelea na kazi yake. Ukimuuliza ina tatizo gani, alijibu, "Hiyo imeshapata daktari wake."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachwa huru. Maduka ya Bariadi yalijaa vitu ambavyo kwa muda mrefu tulivisikia tu, na nyaya nyembamba za plastiki zilining'inia milangoni kama utumbo buchani. Kila mwenye plaizi akajiita fundi. Watu walijifunza kumhadaa mzee yule. Walisimama nje ya ukuta, wakabandua solotepu, wakafuta kwa mate, ndipo wakaingia na nyuso za watu wasio na kosa. Naye aliinusa redio. Alisema gundi ya solotepu haifutiki kwa mate, na kwamba mtu anayedanganya juu ya waya atadanganya juu ya mambo mengine pia. Niliwahi kucheka sana kwa maneno hayo.

Duka lake lilikuwa kwenye njia iendayo Dutwa, chumba kimoja chenye meza ndefu na dirisha pana. Kabla ya hapo alikuwa fundi umeme wa ndege ndogo za kunyunyizia dawa, zile zilizopita chini kabisa juu ya mashamba kuua kwelea kwelea. Kazi zilipopunguzwa, naye akapunguzwa. Hakupenda kusimulia habari za huko, ila jambo moja tu, na hilo alilirudia hata mbele ya watu waliokuja kuchukua pasi zao. Alisema kwamba miaka yote ile yeye ndiye alifunga nyaya, na mtu mwingine ndiye akatia sahihi.

"Ndege ikirudi salama, kazi ni yake," alisema. "Ikirudi na moshi, kazi ni yangu."

Hiyo ndiyo sababu alijenga ndege. Wengi walidhani anataka kuruka. Ukweli ni kwamba Fundi aliogopa hata ngazi. Taa ya duka lake ilipoungua, alimwita kijana yeyote anayepita apande kuibadilisha, naye akasimama chini ameshika miguu ya ngazi kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba. Mrushaji alikuwa rafiki yake wa zamani, rubani mstaafu wa Mwanza, aliyempa michoro na kumwahidi kuja kuirusha siku itakapopata kibali. Alichokitaka Fundi ni kibali hicho: mkaguzi aje, apekue kila waya, kisha aandike kwamba kazi hii ni ya mtu huyu.

Mimi niliingia katika habari hii kwa sababu ya ufunguo wa ghala. Nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Wanunuzi binafsi walipokuja na mizani zao na magari yao, wakulima walituhama kama nzige, na ghala letu likabaki na popo na mavumbi ya pamba. Fundi aliniomba nafasi ya kuiweka ndege yake, nikamruhusu. Sikuwa na kazi, na mtu asiye na kazi hapendi kukaa nyumbani akitazamwa. Nikawa nashinda ghalani. Kwanza nilishika taa tu, baadaye nikaanza kubana nyaya.

Ndege ilikuwa ya mtu mmoja na nusu, kwa maneno yake mwenyewe: mtu mzima na begi. Mbavu zilikuwa za mbao, ngozi ilikuwa kitambaa cha marekani kilichopakwa dawa ya kukikaza, na injini ilitoka kwenye kigari cha misheni chenye mgongo wa kobe. Wapitanjia walikuja kuchungulia. Mama mmoja aliyeuza wali na maharage pale jirani alikuwa kila siku na neno.

"Fundi, hilo jeneza umelitia mabawa ili marehemu asichoke njiani?"

"Mama, wewe leta wali," alimjibu. "Ukiwa na mawe kama wa jana, wewe ndiye utakuwa abiria wa kwanza."

Alipenda utani huo kuliko alivyokiri. Alikuwa mtu wa majivuno. Kwenye harusi alikaa karibu na meza ya mbele na kukohoa mpaka mshereheshaji amtaje. Miwani yake ilikuwa na mguu mmoja, upande wa pili ulishikwa na uzi, na uzi huo aliubadilisha kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani ili uwe mweupe. Lakini nyumbani kwake nyaya za taa zilipigiliwa ukutani kwa misumari iliyopinda, na swichi ya chumbani ilikuwa nyaya mbili tupu unazozigusisha. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mayu, alisema mbele yetu kwamba nyumba ile ingeungua kabla ndege haijaruka. Fundi alimjibu kwamba nyumba haitikisiki.

Kwake jambo zima lilikuwa hilo. Nyumba imesimama, gari linaruka mashimo kisha linatulia, ila ndege hutetemeka tangu inawaka mpaka inazimwa. Kwa hiyo hakuruhusu kiungo cha nyaya kuchomewa kwa risasi ya kuyeyushwa. Alisema risasi huufanya waya uwe mgumu, na kigumu kikitikiswa huvunjika pale ugumu unapoishia. Viungo vyote vilibanwa kwa plaizi yake ya pekee, waya ukiingia kwenye kichwa kidogo cha shaba ambacho hatimaye hufungwa kwa skrubu. "Waya haufi katikati," alinifundisha. "Waya hufia shingoni."

Popote waya ulipopita kwenye tundu la ubao alizungushia kipande cha mpira wa baiskeli ili mbao zisiulambe. Nyaya za karibu na dira alizisokota pamoja, wa kwenda na wa kurudi, ili dira isidanganyike. Fyuzi ilikaa jirani na betri, si mbali ambako moto ungeshakula nusu ya njia. Na kwa kuwa mwili ulikuwa wa mbao, umeme haukuwa na bati la kurudia kama kwenye gari. Kila waya ulipewa mwenzake wa kurudi, na wote hao walikutana kwenye bolti moja ya shaba. "Umeme ni mgeni," alisema. "Usimkaribishe kabla hujamwonyesha mlango wa kutokea."

Kufunga mafungu ya nyaya tulitumia uzi wa pamba tuliouchovya kwenye nta ya nyuki. Siku ya kwanza nilifunga kama tunavyofunga nyasi za paa, kamba moja ndefu inayokimbia kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilijivunia, maana lilikuwa fungu zuri, limenyooka. Fundi alitazama, akachukua wembe, akakata lote.

"Hivi umefunga paa," alisema. "Paa likikatika kamba, asubuhi unapanda unafunga. Huku nani atapanda?"

Akanionyesha: kila fundo lijitegemee, moja likikatika mengine yasipate habari. Nilirudia kazi ya mchana mzima. Nilikasirika, lakini siku hizo hasira yangu ilikuwa ya mwanafunzi, na ya mwanafunzi huisha.

Kati ya nyaya zote kulikuwa na mmoja mweusi aliouheshimu kuliko nyingine, akauita waya wa kulaza. Ulitoka kwenye magneto, kifaa kinachotengeneza cheche za injini kwa kuzungushwa tu, bila kuhitaji betri. Namna ya kukizima ni kuzipeleka cheche zake kwenye ile bolti ya shaba. Unapoweka swichi kwenye kuzima, waya ule mweusi unaunganishwa na bolti, cheche zinapotelea huko, injini inalala. Maana yake ni kinyume cha mambo yote ya umeme tuliyoyazoea. Waya wa taa ukichomoka, taa inazimika na unajua. Waya wa kulaza ukichomoka, injini inabaki macho huku swichi inakuambia imelala. Mtu akishika pangaboi ya mbele ya ndege akaizungusha kidogo tu, inaweza kumpiga.

Nilielewa. Nataka hilo lijulikane: nilielezwa, nikaelewa.

Na kulikuwa na sheria moja ya ghala lile. Kila kiungo kilichobanwa na mkono mmoja kilivutwa na mkono mwingine. Vyangu alivivuta yeye, vyake alinitaka nivivute mimi. Mtu hawezi kuvuta kiungo chake mwenyewe, alisema, kwa sababu mkono unajua ulichofanya na unajihurumia. Alinifundisha na kiasi cha kuvuta: kama unavyomtoa ndama kwenye chuchu, kwa nguvu lakini bila ugomvi. Nilipovuta chake kikatoka, na ilitokea, alifurahi kuliko kilipokaa. Alikikata, akabana kingine, akakileta tena mkononi mwangu.

Kisha tukawa wakwe. Mwanangu wa kwanza alimpenda binti yake, na sisi wazazi tulijifanya kushangaa ingawa tulikuwa tumeona mapema. Fundi aliacha kuniita Karani, nami mbele za watu nikaacha kumwita Fundi, tukaitana mkwe. Siku ya kupokea mahari, ng'ombe wangu walipangwa uani kwao, na ndugu zake wakapita wakiwatazama. Ni Fundi mwenyewe aliyeinua mkono. Alisema mtamba mmoja ana jicho linalotoka machozi. Alisema kwa upole, na ni kweli jicho lilikuwa linatoka machozi. Nilimbadilisha. Nilicheka na kusema kila ng'ombe hulia akiondoka kwao, watu wakacheka nami. Lakini nilirudi nyumbani nimevimba, nikakaa na neno lile tumboni.

Muda mfupi baada ya harusi, mdogo wangu alitoka Zagayu kuja kunisalimu, akanikuta ghalani. Alisimama mlangoni akitazama. Nilikuwa nimebana kiungo cha taa ya bawa, na Fundi akanyoosha mkono akakivuta, kama siku zote. Kilikaa. Mdogo wangu akacheka kwa sauti.

"Kaka, huyu amekagua ng'ombe wako, sasa anakukagua wewe. Kweli gete, bado meno tu."

Yalikuwa maneno ya utani. Mama wa wali alicheka, na wapitanjia wawili wakacheka. Mimi nikaweka plaizi chini.

"Mkwe," nilimwambia Fundi, "ng'ombe uliwakagua ukawapokea. Mimi utanikagua mpaka lini?"

Angekuwa mtu mwingine, angenieleza tena habari ya mikono na kujihurumia. Lakini kwetu mkwe hajaribiwi mbele za watu, na Fundi, aliyekuwa hajali adabu za mteja yeyote, adabu ya ukwe aliiogopa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umesema kweli, mkwe. Nimekosa heshima."

Tangu siku hiyo hakuvuta kiungo changu tena. Vyake aliendelea kunipa nivivute, na niliendelea kuvivuta. Nilijua kwamba sheria imevunjika upande mmoja, kama mzani ulioondolewa sahani. Nilipendezwa. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo la kweli.

Mkaguzi alipotangaza kuja, Fundi aliacha kazi nyingine zote. Watu walileta redio, akawaambia waje baada ya mgeni. Kiwanda kipya cha kuchambua pamba cha mfanyabiashara mmoja kilikuwa kimempelekea ujumbe kwamba kinamtaka awe msimamizi wa umeme, naye akajibu kwamba watazungumza kibali kikishatoka, akitaka kwenda pale akiwa na jina. Kila kitu kilisubiri siku ile.

Zilipobaki kazi chache, alinipa waya wa kulaza.

"Huu uufunge wewe, mkwe," alisema. Alikuwa ananipa heshima. Ni kama mtu anayekukatia kidari cha kuku mbele ya watoto wake.

Niliumenya waya ule kwa kisu nikaacha shaba fupi mno. Nilipobana nilisikia mkononi kwamba plaizi imekwenda laini, haikung'ata chuma kwa chuma. Nilitazama, nikaona plastiki nyeusi imeingia shingoni mwa kile kichwa cha shaba. Nilikuwa nimebana ngozi ya waya, na shaba yenyewe imeshikwa kwa nyuzi mbili tatu. Kwa nje kilipendeza. Kurudia kungetaka kichwa kingine cha shaba, na vile vya ukubwa ule alivihifadhi yeye mfukoni. Ningelazimika kumwambia nimekosea. Nikasema moyoni, si atakivuta. Hapo hapo nikakumbuka kwamba hakivuti tena. Nikachukua bisibisi, nikafunga skrubu nyuma ya swichi.

Nimesema hayo kwa ukamilifu kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikujua.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole mwenye tochi na suruali iliyopigwa pasi. Watu walijaa mlangoni: mama wa wali, mdogo wangu, mzee wa kanisa, mwenye kiwanda na dereva wake. Fundi alivaa koti. Tulikuwa tumeiwasha injini asubuhi kidogo kuipima, ikanguruma vizuri, kisha tukaizima kwa kuifungia mafuta, kama alivyopenda, na swichi ikawekwa kwenye kuzima. Nadhani ni mtetemo wa asubuhi ile uliokamilisha kazi yangu. Mkaguzi alipekua saa nzima, akauliza, Fundi akajibu. Nilimwona kijana yule akigusa mafundo ya uzi wa nta moja moja na kutabasamu. Alisema hajawahi kuona usafi wa namna ile kwenye kitu kilichojengwa ghalani. Fundi alitazama juu ya paa, kama mtu anayesikiliza mvua.

Kisha mkaguzi akataka kuona nyuma ya pangaboi, akaomba izungushwe kidogo.

Fundi aliinama ndani, akaitazama swichi. "Imezimwa," alisema kwa sauti, kama kazi inavyotaka. Akaja mbele, akashika pangaboi kwa mkono wa kulia, akaivuta taratibu.

Injini ilikohoa mara moja tu, kwa mafuta yaliyobaki ndani. Mlio haukuwa mkubwa. Kilichosikika zaidi ni mfupa.

Walimketisha juu ya gunia la pamba, mkono umefungwa kwa kitenge cha mama wa wali, wakati dereva wa mwenye kiwanda akigeuza gari. Mkaguzi hakumwacha, lakini kazi yake ilikuwa kazi; aliingiza tochi nyuma ya swichi akakaa humo kidogo, akatoka na jibu usoni. Kichwa cha shaba kilikuwa bado kimefungwa vizuri kwenye skrubu yake. Waya mweusi ulikuwa unaning'inia pembeni.

"Mzee, samahani," alisema. "Kiungo hiki kilibanwa na nani?"

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu. Mwanangu alikuwa amewasili, na mkewe kando yake analia.

"Na mimi," Fundi alisema.

"Na nani alikivuta?"

"Mimi mwenyewe."

Hakunitazama. Hakunitazama hata kwa bahati mbaya, na hapo nilijua kwamba amekumbuka waya ule alimpa nani. Mtu aliyenusa gundi kwenye redio za watu alisema uongo mara mbili mbele ya mzee wa kanisa ili baba mkwe wa binti yake asiaibike. Kwangu ilihitajika sentensi moja. Nilitazama bawa la kushoto. Nakumbuka kulikuwa na buibui anashuka kwenye marekani, nami nikamtazama mpaka gari likaondoka.

Nilijiambia nitasema hospitalini. Hospitalini nikajiambia nitasema akishatolewa plasta. Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa umeungana vibaya na haukuweza tena kubana plaizi, nikaona kusema ni kumwongezea maumivu. Aibu ina sababu nyingi na zote zinafanana na huruma.

Kibali kilikataliwa, na sababu iliyotajwa ni kazi ya mjenzi. Habari zilienea mpaka Ngulyati na Dutwa, zikiwa zimeongezwa chumvi: kwamba mzee alikuwa haoni, kwamba alikuwa anatetemeka, kwamba ndiyo sababu alifukuzwa kwenye ndege za dawa. Waliorudishiwa redio zao kwa ncha za vidole walipata siku yao. Mmoja aliweka redio yenye solotepu juu ya meza yake na kumwambia, "Fungua bila wasiwasi, Fundi, hii haipigi." Nilikuwepo. Fundi alisema asante.

Mwenye kiwanda alinifuata mimi. Alisema amesikia nimejifunza kwa yule mzee lakini nina mkono uliotulia. Nilikubali. Nilisimamia umeme wa mashine za pamba kwa miaka mingi, nikasomesha watoto, nikaezeka bati. Niliwafundisha vijana kubana na kuvuta, na waliponisifu kwa sheria ile sikuwaambia ni ya nani. Fundi alifunga duka, akauza injini, akahamia Ngulyati kulima mpunga kidogo na Mayu. Ndege ilibaki ghalani mpaka mchwa wakaimaliza. Tulikutana kwenye misiba na ubatizo wa wajukuu. Tulisalimiana vizuri. Nilikuwa nampelekea sukari.

Mayu alipofariki, niliona kwamba muda unakwenda. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, nilipanda baiskeli nikaenda Ngulyati peke yangu, nimekusudia.

Nilimkuta kwenye kiti cha kamba nje ya nyumba, amekonda, kichwa kimekuwa cheupe. Binti yake, mkamwana wangu, alikuwa amekuja kumhudumia. Alinisalimu kwa kupiga goti, akaleta maji, akaingia jikoni. Tulizungumza mvua na bei ya pamba. Nilikuwa natafuta mlango wa kuingilia, na ni yeye aliyeufungua.

"Mkwe, nafurahi umekuja peke yako," alisema. "Kuna jambo linanikaba. Kile kiungo."

Nilisema hata mimi nimekuja kwa hicho.

"Nilikibana vibaya," alisema. "Nilikuwa na haraka ya mgeni. Naona mpaka leo jinsi plaizi ilivyokwenda laini, nikajua, nikaacha. Umekaa na mimi ghalani miaka ile yote, umeniamini, nikakuharibia kazi yako kwa uvivu wangu. Sijawahi kukuomba radhi."

Alikuwa amesema uongo ule kwa muda mrefu, kwa watu wengi, mpaka ukaingia mwilini mwake na kuwa kumbukumbu. Aliukumbuka hata ulaini wa plaizi, ambao mkono wangu tu ndio uliouhisi.

"Fundi," nilimwambia, nikirudia jina la zamani, "kiungo kile kilikuwa changu. Nilikibana mimi. Nilijua hakijashika. Ulipoulizwa ulinibebea, na mimi nikanyamaza."

Alinitazama kwa makini. Kisha uso ukamlegea, akacheka, kicheko kidogo kisicho na meno.

"Mkwe wangu. Unanistahi."

"Sikustahi. Uliniambia, huu uufunge wewe."

"Waya wa kulaza?" Alitikisa kichwa. "Waya ule nimpe mtu? Hapana. Ule nisingempa mtu yeyote."

Nilimweleza tena, taratibu: maneno ya mdogo wangu, mtamba mwenye jicho, siku aliyoacha kuvuta viungo vyangu. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto akisoma. Nilipomaliza, machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa ya furaha. Akamwita binti yake.

"Njoo usikie. Baba mkwe wako ametoka Bariadi kwa baiskeli, na umri huu, kuja kunibebea kosa langu. Wakwe wa namna hii hawapo tena."

Mkamwana wangu alitoka akijifuta mikono. Nilimwambia na yeye: mama, ni kweli, ilikuwa kazi yangu. Alinitazama kwa upendo mkubwa, akainama karibu na sikio langu ili mzee asisikie.

"Asante, baba. Usiku huwa anaamka akisema kiungo, kiungo. Leo atalala."

Nilitaka kusema mara ya tatu, nikaona nitakuwa nasema kwa ajili yangu. Tukala. Jua lilipopungua walinisindikiza mpaka njiani, yeye akiegemea bega la binti yake, na wapitanjia walipomsalimu aliwaelezea nimekuja kufanya nini, nao wakanipa mkono mmoja mmoja. Tulipoagana, mkamwana wangu alinipa jogoo, miguu imefungwa. Nilimpokea kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu anayeheshimiwa na wakwe zake, nikashukuru.